Kitabu cha 1975 kilichookoa vitumbua vyangu

Juu ya friji yangu hapa Denver kuna kitabu kimefungwa na raba bendi mbili kwa sababu mgongo wake ulishaachia zamani. Ukikifungua kinafunguka chenyewe kwenye ukurasa wa pankeki, na ukurasa wenyewe una madoa ya siagi hadi unapitisha mwanga kama karatasi ya kufungia maandazi, alafu pembeni kuna mwandiko wa penseli wa mtu ambaye sio mimi. Hicho ndo nataka kukiongelea leo, Joy of Cooking, kitabu cha mapishi cha Wamarekani, toleo la 1975, na nitaongea sana mnivumilie.

Nilipewa na bibi mmoja nliyekuwa namhudumia nyumbani kwake, si mnajua kazi zetu za kuangalia wazee, nlikuwa naenda siku nne kwa wiki. Ana miaka themanini na kitu. Alikuwa na nakala mbili, moja ya mama yake ya mwaka 1943, kipindi cha vita, wakati sukari na nyama Marekani vinauzwa kwa mgao, hiyo haitoki ndani ya ile nyumba kwa namna yoyote. Ya pili ndo hii, alipewa alipoolewa. Siku nliyomwambia kwamba tangu nihamie Denver kila keki nnayooka inabonyea katikati, hakunijibu kitu, akanituma kabatini nikalete kitabu, akafunua funua, akaniwekea kidole kwenye kialama cha pembetatu nyeusi. Akasema ondoka nacho. Nikajua ananiazima, kumbe kanipa jumla.

Sasa hiyo pembetatu. Mimi nimekulia Tanga, bahari ile pale. Keki nimejifunza kwa mama, ya kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na haikuwahi kunigomea hata siku moja. Nimekuja huku nina oveni yenye namba na taa ndani, keki inapanda vizuri mpaka nafurahi, dakika tano kabla ya kuiva inashuka kama mtu aliyepokea habari mbaya. Nilibadilisha unga, nikabadilisha mayai, nikabadilisha bati, nikafika mahali nikaacha kabisa kuoka, na birthday ya mwanangu ile nilinunua keki ya dukani, niliumia sana.

Kumbe ni mwinuko, na ile pembetatu ndo alama ya maelekezo ya kupikia sehemu za juu. Denver iko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, ndo maana wanauita mji wa maili moja. Huku juu hewa ni nyepesi, haikandamizi, kwahiyo ile gesi inayotoka kwenye baking pauda inavimba haraka na kwa nguvu kuliko Tanga, vile vitundu vya keki vinapasuka kabla unga haujaiva ukashika, basi yote inalala. Na maji yanakauka haraka, sukari inabaki nyingi kwenye mchanganyiko, nayo inazidi kuulegeza. Dawa yake ni kupunguza baking pauda kidogo, kupunguza sukari kidogo, kuongeza maji au maziwa vijiko viwili vitatu, na kupandisha moto wa oveni kidogo. Basi. Maneno ya kueleweka, na kitabu kinakwambia kwanini, sio fanya hivi fanya vile tu. Nilisoma ile sehemu nimesimama jikoni kwa yule bibi na koti nimevaa.

Na maharage jamani! Mlioko mikoa ya juu mnajua. Maji hapa yanachemka kwenye kama nyuzi 95 badala ya 100, kwahiyo hata sufuria ibwabwaje vipi ule moto wa ndani ni mdogo, maharage yanakaa masaa na bado yana kiini kigumu. Miaka miwili nimekuwa nalaumu maharage ya duka la hapa jirani. Nikanunua presha kuka wiki hiyohiyo.

Nikaanza kutafuta hawa walioandika ni kina nani. Irma Rombauer alikuwa mama wa St. Louis, Missouri, mjane. Mume wake alijiua mwaka 1930, mwanzoni mwa ule mdororo wa uchumi, yeye akabaki na watoto wawili watu wazima na akiba ambayo sio ya kutegemea uzee mzima. Hakuwa mpishi wa kusomea, alikuwa mtu wa kukaribisha wageni. Akakusanya mapishi yake na ya ndugu na marafiki, akachukua sehemu kubwa ya ile akiba akalipia kampuni ya uchapaji ya palepale mjini nakala 3,000, mwaka 1931, akiwa na miaka 54. Binti yake Marion ndo alichora jalada, Mtakatifu Martha anapambana na joka, na joka ndo zile shughuli za jikoni zisizoisha. Mwanamke amefiwa vile, hana mchapishaji, anatoa akiba yake kwa ajili ya kitabu cha mapishi. Mimi nikifika hapo huwa natulia kidogo.

Mchapishaji wa kweli walimpata mwaka 1936. Marion akaja kuwa mwandishi mwenza kwenye toleo la 1951, Irma akafariki 1962, na hili la 1975 ndo la mwisho la Marion, alifariki mwaka uliofuata. Baadae likaja la 1997 ambalo walihusisha wapishi na wataalamu wengi, na watu wengi hawakulipenda kwa sababu ile sauti ya mama na binti ilipotea humo ndani, mpaka mwaka 2006 wakarudi nyuma wakalijenga tena likifanana na ya zamani. La 2019 limeandikwa na kitukuu wa Irma, John Becker, pamoja na mke wake Megan Scott. Zaidi ya miaka tisini na bado kiko mkononi mwa familia ileile, na nakala zimeuzwa zaidi ya milioni 18. Yule bibi toleo la 1997 alikataa kulinunua, anasema alilishika dukani akalirudisha kwenye shelfu.

Ila kilichonifanya nikipende mimi ni kitu kingine, na nimechukua muda kukielewa. Vitabu vingi vya mapishi vinaanza na orodha ndefu ya mahitaji juu, alafu chini namba moja namba mbili, unakuwa unasoma juu unashuka unapanda tena. Kitabu hiki hakina hiyo orodha. Kinakwambia pasha oveni, chekecha, hapo katikati kinakutajia unga vikombe viwili, chumvi nusu kijiko, alafu ongeza, kinakutajia mayai mawili, piga mpaka iwe nyeupe. Kila kitu kinatajwa pale unapokihitaji, sio kabla. Mara ya kwanza kilinichanganya. Mara ya pili nikasema hii sauti naijua. Hivi ndivyo mama anavyonielekeza kwenye simu! Hajawahi katika maisha yake kunitajia orodha ya mahitaji. Ukimuuliza pilau anaanza, "chukua vitunguu vyako, katakata, viwili vitatu, tia mafuta, kaanga mpaka vigeuke rangi, sio viungue, haya sasa leta kitunguu saumu." Yaani unapika naye. Irma naye ndo kaandika hivyo, kama amesimama pembeni yako na kanga kiunoni, hata kama yeye kanga hakuijua.

Na hadharau mtu. Kuna mahali wanaeleza yai linachemshwaje, na kurasa nyingi tu za kuujua unga, siagi, maziwa, sukari, kila kimoja kinafanya kazi gani ndani ya chakula. Hata kumchuna kindi kumechorwa, buti limekanyaga mkia na mikono inavuta ngozi, kwa sababu kuna watu walikuwa wanawala na walihitaji kujua. Mama wa kijijini na mama wa mjini wote wamo. Julia Child mwenyewe, yule aliyekuja kuwafundisha Wamarekani mapishi ya Kifaransa, alipoolewa alikuwa anahangaika na kitabu hikihiki.

Alafu kuna jina Cockaigne. Utaona Brownies Cockaigne, nikadhani ni aina ya sukari au ni mji. Kumbe ndo jina la nyumba ya Marion na mume wake kule Cincinnati, na pishi likiwa ni kipenzi cha familia wanalipa jina la nyumba. Nimeipenda hiyo kupita kiasi. Zile brownies ndo keki yangu ya kwanza kufanikiwa Denver, chokleti nyingi unga kidogo, zinatakiwa ziwe nzito kwahiyo hata zikishuka kidogo hakuna msiba. (Mtakaojaribu mkiwa nyumbani, kikombe chao ni kama mililita 240, sio kikombe cha chai chochote, na oveni wakisema 350 ni Fahrenheit za kwao, kwetu kwa Selsiasi ni kama 175.)

Sasa vitumbua. Ramadhani ya mwaka juzi nilitaka vitumbua vya kwetu, vya mchele wa kuloweka na tui, sio vya unga wa kununua. Chuma cha vitumbua nilikuja nacho kwenye begi kutoka Tanga, kizito kile, nimeacha viatu kwa ajili yake. Nikaloweka mchele usiku, nikasaga na tui la kopo, iliki, sukari, hamira kijiko kidogo kimoja kama siku zote, nikafunika nikaenda kulala kidogo kabla ya shifti. Kuamka, mchanganyiko umetoka kwenye bakuli, umeshuka kabati, uko sakafuni. Nilivyojaribu kuchoma uliobaki vikawa na matundu makubwa na uchachu, katikati vimelala. Nikampigia mama saa tatu usiku, kwao saa kumi na mbili asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona saa hizi, kuna nini?"

"Vitumbua mama. Vimefurika."

"Umeviacha kwa masaa mangapi?"

"Saa moja na nusu tu, kama wewe."

Akanyamaza. Akasema labda hamira ya huko ni kali, au nyumba yenu ina joto, funguo anazo yeye lakini mlango haufunguki, ndo nilivyohisi, kwa sababu mama hajawahi kupika sehemu ambayo sio pwani. Nikachukua kitabu juu ya friji. Kwenye pembetatu, sehemu ya vitu vya hamira, iko palepale: huku juu hamira inaumua haraka kuliko chini, kwahiyo usiangalie saa, angalia unga wenyewe, ukishakuwa mara mbili umetosha. Nikamsomea mama kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Akasema, "Huyo mama anajua. Mimi si nlikwambia uwe unautazama? Wewe unatazama saa."

Kweli kabisa alinambia. Miaka yote anasema mpaka uumuke, hiyo saa moja na nusu niliiweka mimi.

Nikapunguza hamira ikawa nusu kijiko, na nikasimama pale nautazama. Dakika arobaini hivi ulikuwa tayari. Vikatoka vya mviringo, laini, kingo za kahawia, harufu ya iliki hadi jirani akagonga. Vingine nikampelekea yule bibi kwenye kibakuli chenye mfuniko, nikamwambia kitabu chako ndo kimevipika. Akala vitatu, na huyu ni mtu ambaye nlikuwa nambembeleza kumaliza toast moja.

Nimeshasema kuhusu mwandiko wa penseli. Ameandika kila mahali, na ndo sehemu nnayoisoma zaidi saivi. Kwenye pankeki, "maziwa zaidi". Kwenye bata mzinga, "Krismasi 1981, imekauka". Kwenye supu moja ya samaki, "hapana" kubwa imepigiwa mstari. Pale kwenye mkate wa ndizi kuna tarehe tano, nilivyomuuliza akasema ni siku ambazo watoto walikuwa wanarudi nyumbani kutoka chuo. Anaandika tu siku alipika. Mimi nlikuwa naogopa kuandika humo, nakiona kama bado ni cha kwake, alivyoona ukurasa wa hamira bado mweupe akaniuliza sasa vile vya wali vya wiki ile umeviandika wapi.

Basi nimeandika. Kwenye nafasi nyeupe ya chini, penseli, kwa namna yao ileile isiyo na orodha. Loweka usiku kucha: mchele vikombe viwili. Asubuhi mwaga maji, saga na: tui kikombe kimoja, sukari nusu kikombe, iliki. Ongeza: hamira nusu kijiko kidogo, kama uko Tanga kijiko kizima. Funika, utazame. Nilimpelekea nimwonyeshe, akavaa miwani akasoma, haelewi neno hata moja lakini alifuata kwa kidole mpaka mwisho. Alafu akaniambia niende chumbani kwake kwenye droo nikalete kile cha 1943, na penseli.

Mlioko Mbeya, Njombe na Nairobi, nyie mko juu kuliko Denver, hebu anzeni na hiyo nusu kijiko alafu mniambie umechukua dakika ngapi.