Ninavyotunza rangi ya chini ya boti yangu

Boti yangu ya faiba hulala majini Shimoni, pwani ya Kenya, mkabala na kisiwa cha Wasini, na kazi yake ni kupeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite. Kila ninapoipweleza, wenzangu huniuliza napaka rangi gani hata chini pakabaki safi hivyo. Napaka rangi ileile wanayopaka wao, yenye shaba ya kuzuia viumbe vya bahari visiote chini ya boti. Ninachowazidi ni kuifuta mapema, ukoga ukiwa bado laini.

Chombo kikikaa majini hushikwa kwanza na ukoga, utando wa utelezi ambao kitambaa kinautoa. Ukiuacha, huota mwani wa kijani, kisha yale makombe madogo meupe yanayojigandisha kwa gundi yao wenyewe. Hayo ukiyabandua, yanaondoka na rangi. Tena rangi hii hufanya kazi kwa kuachia shaba kidogo kidogo majini, na ukoga mzito huizuia.

Basi mimi huvaa miwani ya kuzamia, nikashika kipande cha taulo kuukuu, nikafuta kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi kule nyuma, bila kukandamiza. Brashi ya waya siigusi. Nikiona wingu la rangi linatanda majini, najua mkono umekuwa mzito na napunguza nguvu. Wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari na maji yana joto, nafuta mara kwa mara zaidi. Boti isiyokwenda safari ndiyo huota upesi, kwa hiyo wageni wakipungua ndipo naikagua zaidi. Mstari wa maji nautazama kuliko pote, maana jua linafika hapo na mwani unapenda jua.

Kupaka upya nangoja bamvu, siku ambazo maji hujaa na kukauka kupita kawaida. Kwetu bamvu likifika, maji hukauka kabisa asubuhi, mnamo saa nne, na bahari hushuka zaidi ya mita 3. Nailaza boti kwa ubavu mmoja kwenye mchanga, naisuuza kwa maji baridi ya kisima ili chumvi itoke, naiacha ikauke. Ubavu wa pili nasubiri maji ya kesho yake. Msasa natumia wa maji, na uso nimefunika, kwa sababu vumbi la rangi hii ni sumu. Taka zake nazikusanya kwenye turubai, siziachi pwani wanapookota watu chaza. Wazee wetu walipaka deheni, yaani mchanganyiko wa shahamu na chokaa, wakairudia kila mara. Sisi tuna rangi kali zaidi, na wajibu wetu kwa bahari umeongezeka. Rangi zenye bati, zile za TBT, zilipigwa marufuku na mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika 2008, kwa kuwa ziliharibu chaza na konokono wa baharini. Kopo la namna hiyo silinunui hata likiwa rahisi vipi.

Jambo lililonisaidia sana ni kupaka mkono wa kwanza mwekundu na wa juu mweusi. Wekundu ukianza kuchungulia, kwa kawaida kwenye mkuku, ule uti wa chini wa boti, na omo, napaka sehemu hiyo tu badala ya boti nzima. Zinki, kile kipande kinachofungwa chini ya boti ili kiliwe na maji ya chumvi badala ya vyuma vyake, siipaki kamwe, la sivyo haifanyi kazi. Na mguu wa mashine, kwa kuwa ni wa alumini, rangi ya shaba haiugusi: itaula. Huo naunyanyua juu ya maji kila nikifunga nanga.