Seriali namba za mashine pepe zisizo na kiwanda

Ofisi yetu ipo Chumbageni, hapa Tanga, na kazi yake ni kutoa mizigo bandarini. Seva ya chuma tunayo moja tu. Inaendeshwa na Linux yenye KVM, sehemu ya Linux inayowezesha mashine pepe, yaani kompyuta zinazoigizwa kwa programu, na ndani yake zimo za uhasibu, za mafaili na za majaribio. Hizi za majaribio ndizo zinazozaana: mtu anaomba ya wiki moja, lakini mji wenyewe ndio huu wa waja leo kuondoka majaaliwa, basi ikishaingia haitoki.

Nilipokabidhiwa mitambo nilikuta programu ya kuorodhesha vifaa inaonyesha mashine pepe moja tu. Asubuhi ina jina la uhasibu, mchana la mafaili, jioni la kitu kingine kabisa. Kila mashine ikituma taarifa zake, inafuta za mwenzake.

Wa kwanza kulalamika hakuwa fundi, alikuwa mhasibu wetu, mama mtu mzima, anahakiki rejista ya mali.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hii PC ya 1996 iko wapi nikaibandike namba?”

“Hiyo haishikiki, mama. Imo ndani ya seva.”

“Haishikiki, na mkaguzi akija nimwonyeshe nini?”

Swali lake lilikuwa la haki. Orodha ilisema mtengenezaji ni QEMU, ile programu inayoigiza vifaa vya mashine pepe, modeli “Standard PC (i440FX + PIIX, 1996)”. Mwaka huo ni wa chipu ambazo QEMU inaziigiza, hauhusiani na risiti yoyote.

Kompyuta ya kawaida ina jedwali la SMBIOS ambamo kiwanda kimeandika jina lake, modeli, seriali namba na UUID, yaani kitambulisho cha pekee cha biti 128. Programu za usimamizi husoma humo. Mashine pepe nayo inalo jedwali hilo, ila kwa kuwa haina kiwanda, huandikiwa na mwenyeji wake kila inapowashwa. Niliingia kwenye mojawapo nikaandika `sudo dmidecode -t system`, amri ya kulisoma jedwali hilo. UUID ilikuwepo, tofauti na za wenzake. Kwenye Serial Number ilisomeka “Not Specified”. Zote zilijibu hivyo hivyo, na programu yetu ilikuwa imepangwa kutambua kifaa kwa seriali namba. Kwa hiyo iliamini kuna kifaa kimoja kinachoitwa “Not Specified”.

Ningeweza kuiambia itumie UUID nikaenda zangu nyumbani. Lakini UUID ni herufi na tarakimu 32 pamoja na vistari, na huyo mama hawezi kunisomea hiyo kwenye simu. TNG-VM-07 anaweza.

Basi kwa `virsh edit`, amri ya libvirt (programu inayosimamia mashine pepe) ya kuhariri mipangilio yake, nikaongeza kipande cha `<sysinfo type='smbios'>`, ndani yake `<system>`, na humo `<entry name='serial'>TNG-VM-07</entry>`. Hapa ndipo pana mtego: usipoweka pia `<smbios mode='sysinfo'/>` ndani ya `<os>`, libvirt inapokea ulichoandika bila kunung'unika, na mashine yenyewe haioni kitu. Kuiriboti kutoka ndani nako hakutoshi. Ni mpaka izimwe kabisa, kisha `virsh start`, maana jedwali hutengenezwa QEMU inapoanza. Ya uhasibu niliisubirishia Jumamosi jioni, watu wakiwa wameshaondoka.

Bado kuna zilizoendelea kutuma seriali namba tupu. Kumbe ajenti, yaani programu ndogo ndani ya mashine inayotuma taarifa zake kwenye orodha, ilikuwa inaendeshwa na mtumiaji wa kawaida, na Linux humruhusu yeyote kusoma `/sys/class/dmi/id/product_name`, lakini `product_serial` na `product_uuid` ni za root, msimamizi mkuu, peke yake. Nikaihamishia ajenti kwa root, namba zikaja.

Za majaribio zilikuwa na balaa la ziada. Zilizaliwa kwa kunakili diski moja ya Ubuntu, kwa hiyo zote zilibeba `/etc/machine-id` ileile, faili lenye kitambulisho cha mfumo, na DHCP (utaratibu wa kuomba anwani ya IP) ya Ubuntu Server huijenga alama ya mteja kutokana nayo. Zikawa zinagombania anwani moja ya IP. Kwenye diski hiyo ya kiolezo, ile inayonakiliwa, nililiacha faili hilo tupu kwa `truncate -s 0`, na nikahakikisha `/var/lib/dbus/machine-id` haina nakala ya zamani. Nilichokipenda ni kwamba kwenye KVM, systemd, programu inayoanzisha mfumo wa Linux, ikikuta faili tupu huchukua UUID iliyotoka kwa mwenyeji na kuifanya machine-id. Utambulisho wa nje na wa ndani ukawa mmoja, na sikuandika skripti yoyote.

Mashine pepe yetu moja yenye Windows haikusumbua: `Get-CimInstance Win32_BIOS` ilitoa TNG-VM namba yake moja kwa moja.

Kilichobaki ni chelezo, yaani nakala za akiba. Ukirudisha mashine ya zamani pembeni ya iliyo hai, inarudi na mipangilio yake yote, seriali namba ikiwemo, na orodha inaanza tena kuchanganya mbili. Kwa hiyo ya kurudishwa kwa ajili ya kutafuta faili hupewa namba inayoanza na TNG-TMP kabla haijawashwa, na mama wa uhasibu ameambiwa hizo asiziingize kwenye rejista.