Nilivyopima mapigo ya transmita ya tangi la Tukuyu

Mzee alinipigia hata saa moja asubuhi haijafika. "Ugonile, fundi. Ile redio yako ya tangi imekufa tena." Nikamwamkia, nikamwomba aniletee akija Mbeya mjini. Ana kitalu cha miche ya parachichi nje kidogo ya Tukuyu, na tangi lake liko juu mlimani. Nilimfungia transmita ndogo ya megahezi 433.92, inayotuma kipimo cha maji kila baada ya dakika 10 ili asipande kule kila siku kuchungulia. Karatasi ya moduli inasema inatoa miliwati 10, ambazo ni dBm 10 (dBm ni desibeli zinazohesabiwa kuanzia miliwati 1).

Ilifika Mwanjelwa imefungwa ndani ya mfuko wa mbolea. Mezani ilionekana nzima: betri ina chaji, taa inapepesa. Ila nguvu inatoka au haitoki? Hapo mita ya mkononi haisaidii kitu. Rafiki yangu anayefundisha aliniazima spektramu analaiza, mashine inayochora kwenye kioo nguvu ya mawimbi kwa kila masafa, kwa wikendi moja, kwa sharti kwamba nisiiunguze. Nikabadilisha programu ili transmita itoe pigo, yaani mkupuo mfupi wa mawimbi, la milisekunde 1 kila baada ya milisekunde 100, nikaweka kipunguza nguvu cha desibeli 30 katikati, na kuiambia analaiza ihesabu hizo 30.

Nilitarajia kuona mlima mmoja kwenye kioo. Nikaona uzio. Vijiti kama 25 vimesimama kutoka kushoto hadi kulia, na kila analaiza ikifagia upya, yaani ikipita masafa yote tena, vinaota mahali pengine. Kirefu kuliko vyote kilisoma dBm -6.5. Hiyo ni desibeli 16 na nusu chini ya inavyotakiwa, karibu mara 45 pungufu. Nikasema moduli imekwisha. Ili nione vizuri zaidi nikabana kichujio cha analaiza, yaani kipande cha masafa inachokitazama kwa wakati mmoja, kutoka hezi 100 hadi 30, kilele kikazidi kuporomoka hadi -17. Chuma cha kulehemu kilishapata moto.

Kilichonizuia ni huko kuporomoka. Mawimbi yanayotoka bila kukatika hayapungui ukibana kichujio. Urefu wake unabaki palepale. Kelele hupungua, lakini kwa badiliko kama lile ingeshuka desibeli 5 hivi. Hiki changu kilishuka 10 na nusu, mara mbili ya kelele. Tabia hiyo ni ya mapigo.

Kichujio cha hezi 100 kinahitaji kama milisekunde 10 ili kijae, na pigo langu linadumu milisekunde 1 tu. Ni kama kukinga mtungi wenye mdomo mwembamba kwenye bomba linalofunguliwa na kufungwa papo hapo: utasema bomba halina maji, kumbe mtungi haukupata nafasi. Hesabu yake haina ugumu. Chukua muda wa pigo, zidisha kwa upana wa kichujio, zidisha tena kwa 1.5: 0.001 × 100 × 1.5 ni 0.15. Logi yake mara 20 inatoa -16.5. Namba ileile niliyokuwa nikiililia. Nikazima chuma.

Na ule uzio je? Analaiza ilikuwa ikitumia sekunde 2.5 kufagia kioo kizima, na transmita inapiga mara 10 kwa sekunde. Piga hesabu: 25. Nikairudisha kwenye hezi 100 na kuiambia itumie sekunde 5, vijiti vikawa 50. Nikatanua masafa mara mbili bila kugusa muda, nafasi kati ya kijiti na kijiti haikubadilika. Kumbe vijiti vile vilikuwa vikionyesha saa, wala si masafa. Nikabonyeza kitufe cha kushikilia vilele, nikaenda kunywa chai. Niliporudi uzio umejijaza: tumbo kubwa katikati, vitumbo vinavyopungua pembeni, na mabonde yakianzia kilohezi 1 kila upande. Bonde la kilohezi 1 lina maana ya pigo la milisekunde 1, kama nilivyoandika kwenye programu. Umbo lile lilinifurahisha kuliko namba yoyote ya siku hiyo.

Nguvu yenyewe nikaipima kwa kusimamisha ufagiaji: upana wa masafa sifuri, kichujio kilohezi 10, na kichujio cha kioo, kile kinacholainisha mchoro, nacho kikiwa wazi. Pigo likajitokeza kama sanduku, juu tambarare, dBm 9.4. Hizo desibeli 0.6 nawaachia kebo na konekta. Kabla ya kuamini nikaongeza kipunguza nguvu cha ndani kwa desibeli 10, namba haikusogea. Hili usiliruke, maana analaiza huipokea nguvu kamili ya pigo hata kama kioo kinaonyesha kidogo, na unaweza kuizidishia mzigo huku ukidhani unailisha mawimbi dhaifu.

Jumatatu nikapanda gari la Tukuyu na transmita ileile mfukoni. Mvua ya Rungwe unaijua, haiulizi msimu. Pale tangini nikafungua konekta ya antena, yakadondoka maji ya rangi ya chai, na pini ya katikati ilikuwa ya kijani. Tepu niliizungusha mwenyewe, kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo kila mkunjo ulikaa kama bakuli la kukinga mvua. Ilitakiwa nianzie chini, mikunjo ilaliane kama bati.

"Kwa hiyo mashine haikuwa na kosa?" mzee akauliza.

"Haikuwa nalo, mzee. Ni tepu."

"Tepu aliifunga nani?"

Nikajifanya natafuta mkasi.