Kona ya jengo la jirani ikikulenga: kusoma vilivyo nje ya balkoni

Kwenye fleti za Hong Kong, fundi wa feng shui, elimu ya Kichina ya kupanga makazi, hutumia muda mrefu balkoni kuliko chumbani. Ndipo nyumba inapofunguka kwa upana, na majengo yamebanana kiasi kwamba kuta za jirani ndiyo mandhari yenyewe. Kwa mafundisho haya, chi, yaani nguvu isiyoonekana, inayokuja polepole na kwa kuzungukazunguka huleta uhai. Ikija kwa kasi kwenye mstari ulionyooka inageuka kuwa sha, nguvu yenye madhara, na hiyo ndiyo inayoogopwa. Hakuna chombo cha maabara kinachopima chi. Upepo, mwanga na kelele lakini vinapimika, na makatazo mengi ya balkoni yanaviangukia hivyo vitatu.

Wengi wanaojikagulia wenyewe wanakosea mwanzoni kabisa: wanasimama kwenye vyuma vya balkoni na kuanza kuhesabu kila kitu. Pale utaona kasoro za jiji zima. Anza pale unapoishi. Keti kwenye kochi, lala kitandani, keti kwenye meza ya chakula, kisha simama hatua moja ndani ya mlango wa balkoni. Kisichoonekana kutoka sehemu hizo kiandike pembeni, hakina haraka.

Kitu kinachotafutwa zaidi ni kona kali ya jengo jingine. Kuona kona peke yake si tatizo. Swali ni kama imekulenga. Tazama kuta mbili zinazokutana pale, ufuate mistari ya sakafu za ghorofa. Mistari ikiinama kwa kiasi kilekile kulia na kushoto, kona imekuelekea wewe. Upande mmoja ukiwa karibu umenyooka na mwingine umeinama sana, mshale unapita pembeni. Usilinganishe upana wa kuta, kwa sababu jengo la mstatili litakudanganya.

Mfano unaotajwa kila mara ni Mnara wa Benki ya China wa I. M. Pei, uliofunguliwa mwaka 1990, wenye mita 367 pamoja na milingoti yake miwili. Umejengwa kwa pembetatu, na kingo zake zilizua malalamiko tangu mapema, hasa kwamba moja ilielekea makazi ya gavana wa wakati huo. Juu ya makao makuu ya HSBC, yaliyokamilika mwaka 1985, kuna kreni za matengenezo ambazo watu wa mjini husema ni mizinga iliyogeuziwa mnara ule.

Pengo jembamba kati ya minara miwili mirefu nalo huhesabiwa kuwa sha, na hapa sababu iko wazi: upepo ukibanwa kwenye uwazi mwembamba huongeza kasi. Angalia nyuma ya pengo. Kama kuna jengo la tatu linaloliziba, mafundi wengi hulifuta kwenye orodha. Ukiona anga tupu, lichukulie kwa uzito, na ukague kama mlango wa kioo unatikisika siku za upepo.

Barabara za juu zina kanuni yake. Barabara ikipinda na kukukumbatia, ukawa upande wa ndani wa kona, inasifiwa. Ukiwa upande wa nje, ambako tumbo la kona limekuelekea, inakataliwa. Fikra hii ilitoka kwenye mito, kwa kuwa maji hula kingo ya nje ya kona na kuacha udongo upande wa ndani. Ghorofa ina maana kubwa: barabara iliyo usawa wa balkoni yako ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sha na kwa kelele za matairi pia. Ghorofa kumi juu yake, hoja inapungua nguvu.

Halafu kuna mabomba. Bomba nene la maji taka linaloshuka ukutani likiwa na matawi pande zote mbili huitwa sha ya tandu. Tiba yake ya jadi ni jogoo wa udongo au shaba aliyeelekezwa kwenye bomba, kwa kuwa jogoo hula tandu. Ni tiba ninayoipenda: ndogo, haimgusi jirani, na hukaa ndani ya mlango wa kioo.

Kosa kubwa la tiba ni kukimbilia kioo cha bagua, kile kilichozungukwa na alama nane za mistari mitatumitatu. Kioo ni cha mwisho. Kwanza ziba macho: pazia jepesi, au plastiki ya ukungu iliyobandikwa kwenye nusu ya chini ya mlango wa kioo, ambayo hupunguza pia mng'ao wa jua kutoka madirisha ya mbele. Kisha mimea. Yenye majani mapana ni ya kuficha. Yenye miiba, kama mpungate, hukaa nje ikielekea kona kali, haiingizwi sebuleni.

Ikibidi kioo, kuna aina tatu. Bapa hurudisha kilichokuja, mbinuko hutawanya, mbonyeo husemwa kuwa hukigeuza na kukimeza. Usipokuwa na uhakika chukua mbinuko. Kiangikwe nje, kamwe si ndani, ile alama ya mistari mitatu isiyokatika ikiwa juu kabisa. Kisitazame dirisha la mtu: anayeamini ataona umemrushia balaa, naye ataangika chake. Nimesisitiza hili kwa sababu ugomvi huo hauna dawa. Na usitoboe ukuta wa nje bila ruhusa ya uongozi wa jengo.

Dira haina haja kwa vitu vya kuonekana. Ukiihitaji kwa hesabu za mwelekeo, kumbuka luopan, dira ya feng shui, ina sehemu 24 za nyuzi 15 kila moja, na nondo za zege pamoja na vyuma vya balkoni huivuruga ya simu. Pima sehemu tatu, kisha shuka chini upime tena sambamba na ukuta wa jengo.

Kuhusu vyungu: chungu cha lita 30 chenye udongo wa bustani uliolowa hukaribia kilo 50, kwa hiyo kiweke sakafuni karibu na ukuta, kisikae juu ya vyuma. Hong Kong kuacha kitu kianguke kutoka ghorofani na kuhatarisha watu ni kosa la jinai, faini hadi dola 10,000 za huko na kifungo hadi miezi 6. Ishara namba 3 ya onyo la kimbunga ikipandishwa, ingiza vyungu, jogoo na kioo ndani. Ukisubiri namba 8 upepo umeshafika. Kabla hujafunga mlango, hakikisha majani hayajaziba tundu la maji la balkoni.