Jamu ya kikombe kimoja

Ndoo ya mama ilifika Alhamisi. Konda alinipigia saa kumi na moja jioni: "Dada, mzigo wako wa Njombe uko Nane Nane, wahi." Nikapanda bajaji, mvua ya Februari inanyesha ile ya Mbeya isiyo na haraka. Ndoo ya rangi ya lita 10, mfuniko umekazwa kwa mpira wa baiskeli, ndani maepo madogo ya nyumbani, hili kadonoa ndege, lile lina kovu la mvua ya mawe. Ni machachu mpaka unakunja uso. Ndiyo maana pale Mwanjelwa watu huyapita wakanunua yale ya Afrika Kusini yenye stika, yanayong'aa kama yamepakwa mafuta.

Naandika maepo kwa sababu ndivyo tunavyosema kwetu. Kamusi inataka tufaha, lakini mwagize mtu wa Unguja tufaha uone kama hatakuletea lile tunda jekundu la majimaji, ambalo ni kitu kingine kabisa.

Zamani ndoo kama hii isingemaliza wiki. Nilikuwa naishi na mdogo wangu, naye hutafuna epo kama karanga. Oktoba akaolewa, akahamia Dodoma, akaniachia ambavyo havikuingia kwenye basi: kabati la vyombo na maikrowevu. Tangu hapo naitumia kupashia wali. Kupika chakula cha mtu mmoja bado kunanishinda. Mkono umezoea kupima mchele wa watu wawili, kesho yake napasha kiporo, keshokutwa anakula mbwa wa jirani. Lakini mzigo wa mama huwezi kumpa mbwa.

Jamu ya mama naijua vizuri. Sufuria ya shughuli, kilo ya maepo kwa kilo ya sukari, jiko la kuni, na mwiko mrefu kwa sababu ikichemka inaruka na kuchoma. Anaijaza kwenye chupa zilizokuwa za asali na inakaa miezi na miezi, kwa kuwa sukari nyingi hivyo huyashikilia maji yote, vijidudu vikakosa cha kunywa. Sasa mimi kilo nzima ya sukari na mchana kutwa wa kukoroga, kwa slesi mbili za asubuhi?

Ijumaa usiku nikayaacha madaftari ya kidato cha pili mezani, nikachukua epo moja tu. Nikalipitisha kwenye kikwangulio cha karoti pamoja na ganda lake, nikabakiza kitovu chenye mbegu. Ganda halitupwi. Pektini, ile inayoifanya jamu ishikane, imejaa zaidi kwenye ganda na katikati, na epo chachu lisiloiva sana linayo kuliko tamu, kwa hiyo hapa haya ya mama yanayashinda yale ya stika. Sukari kijiko kimoja cha chai, ndimu matone machache, mdalasini wa kushika kwa vidole viwili, chumvi kidogo. Nikatia kwenye kikombe kizuri, cheupe, chenye mstari wa dhahabu mdomoni. Dakika mbili.

Hazikupita hata sekunde tano. Tsss, tsss, cheche za buluu zinakimbizana kuzunguka ukingo wa kikombe. Nikachomoa waya ukutani kwa mkono uliolowa ndimu, jambo ambalo mwanafunzi wangu angelifanya maabara tungeonana ofisini. Mstari ule ni metali halisi. Kila mwaka nafundisha watu metali, halafu naiweka ndani ya maikrowevu. Umebabuka, umekuwa mweusi upande mmoja, na mwenye kikombe kule Dodoma bado sijamwambia.

Kikombe cha pili, cha kawaida, kilifurika povu mpaka kwenye sahani ya kioo. Cha tatu ndicho kilichonifundisha: kikombe kikubwa, epo lisivuke nusu yake. Dakika moja na nusu, toa, koroga, rudisha dakika moja. Kukoroga si mbwembwe, maana mawimbi hayapashi sawasawa, pembeni kunatokota huku katikati bado kubichi. Maji usiongeze hata tone, epo lenyewe ni maji kama asilimia 85. Usilifunike pia, mvuke lazima utoke ndipo iwe nzito. Ikitoka utaiona nyepesi, utashawishika kuirudisha. Iache ipoe, itashikana yenyewe. Na usionje ikiwa bado inachemka. Mimi nilionja, na ncha ya ulimi ina ganzi mpaka leo.

Vitabu vya mapishi vinasema jamu huiva ikifika nyuzi 104. Hizo ni za usawa wa bahari. Hapa tuko kama mita 1,700 juu, maji yanachemka kwenye 94 hivi, na jamu nayo inaiva mapema, kwenye 98 au 99. Ukingoja 104 utatoa peremende. Mama hana kipimajoto. Anadondosha tone kwenye sahani ya baridi, analisukuma kwa kidole, likikunjamana anaepua. Njombe ni juu kuliko hapa na tone lake halijawahi kumdanganya.

Jana nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, kamwene mwanangu. Maepo yamefika?"

Nikamweleza yote, isipokuwa cheche.

"Dakika ngapi?"

"Mbili na nusu."

"Na sukari?"

"Kijiko."

"Cha chakula?"

"Cha chai."

Akanyamaza kidogo. "Hiyo siyo jamu. Huo ni uji wa maepo."

Ana haki. Kwa sukari ile, hata kwenye friji siipi zaidi ya siku mbili tatu. Lakini leo asubuhi nimekausha slesi mbili kwenye kikaango, nikapaka ikiwa bado vuguvugu, ina ukali wake, na vinyuzi vya ganda jekundu ndani yake. Nimekula nimesimama dirishani, Loleza umejifunika wingu hata huwezi kujua kama kuna mlima. Kikombe nimekikomba kwa kijiko, halafu kwa kidole. Ni mara ya kwanza tangu Oktoba sijabakiza kitu.

Sasa kuna suala la ndoo. Mama hapendi ndoo zake zilale ugenini, na haiwezi kurudi tupu. Nimeijaza mchele wa Kyela, Jumamosi inapanda basi. Asubuhi hiyohiyo nitatengeneza kikombe kimoja cha ziada, nikitie kwenye kikopo, nikifukie katikati ya mchele. Simwambii. Akikikuta, akikikuta.