Mhudumu ni roboti, mwenyewe yuko kitandani

Mkahawa wa DAWN pale Nihonbashi, Tokyo, ulifunguliwa Juni 2021. Roboti OriHime-D, kimo sentimita 120 hivi, inaleta kahawa mezani. Anayeiendesha yuko nyumbani, pengine hainuki kitandani. Asiyeweza kusogeza vidole huchagua herufi na amri kwa macho tu.

Kwenye kazi hii usiogope mikono ya roboti, ogopa mtandao. Sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 hivi kwa upande mmoja, mwendeshaji na mteja wanaanza kukatizana: "Karib—" "Eti?" Video ikiganda huku magurudumu yanazunguka, kahawa iko sakafuni. Ukiunda yako, ipange isimame yenyewe mawasiliano yakikatika.

Uso mkavu wa OriHime-D ni wa makusudi: umeiga barakoa za Noh, maigizo ya jadi ya Japani; hisia unazijaza mwenyewe kutokana na sauti.