Daftari chini ya mto

Alipandishwa wodini saa 4 usiku, Alhamisi moja ya Juni 2019, hapa Dar es Salaam. Wodi ya upasuaji ya wanawake, kitanda namba 7. Karatasi ya mapokezi iliandikwa: mwanamke, miaka 38, anatapika wiki tatu, vidonda vya tumbo, na mbele yake alama ya kuuliza. Kanga aliyojifunga ilizunguka kiuno mara mbili na ncha ikabaki inaning'inia, na pete yake ilikuwa imezungushiwa uzi kwa ndani ili isidondoke.

Mdogo wake alituambia dada alikwenda India kutolewa mawe ya nyongo. Nilipombadilisha nguo niliona makovu matano madogo tumboni, moja refu kuliko mengine, bado jekundu. Nikainama nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hapa ulitolewa nini?" Akatazama mlangoni kwanza. "Tumbo," akasema. "Nilikuwa na kilo 127. Lakini mdogo wangu hajui, sista, usimwambie."

Nimewauguza wengi waliofanyiwa upasuaji huu wa kupunguza unene, na karibu wote wanauficha. Mtu anaona aibu ya unene, kisha anaona aibu ya kuutibu, kwa sababu mtaani wataambizana kuwa kashindwa kufunga mdomo. Hiyo siri ni hatari kuliko kisu. Akizidiwa usiku, anayempeleka hospitali anaeleza ugonjwa mwingine kabisa.

Watu husema "kakatwa utumbo", lakini katika upasuaji wa aina yake utumbo hauguswi. Kinachokatwa ni mfuko wa chakula wenyewe. Daktari huingiza mpira mnene kupitia mdomoni hadi kwenye mfuko, kwa kawaida wa milimita 12 hivi, ndio unaoitwa boji, kisha hubana na kukata mfuko sambamba na mpira huo kwa stepla zinazopiga pini na kukata kwa pamoja. Robo tatu ya mfuko au zaidi hutolewa nje. Kinachobaki ni bomba jembamba linalobeba kama mililita 100 hadi 150, yaani chini ya nusu ya soda ya chupa. Siku za mwanzo mgonjwa hunywa kwa kikombe cha dawa cha mililita 30, kidogo kidogo, robo saa kwa robo saa. Kichefuchefu cha siku chache ni cha kawaida. Kutapika maji wiki ya tatu si kawaida, na hapo ndipo palipotuponyoka.

Niliandika kwenye faili: "Alifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula wiki tano zilizopita." Daktari aliyekuwa zamu, kijana wa mafunzo kwa vitendo, aliisoma. Aliona midomo iliyokauka, mapigo 118, shinikizo la damu liko chini. Sukari kwenye damu ilikuwa 4.6, haina shida. Akaandika dripu: glukosi asilimia 5, lita moja, kisha nyingine, kisha nyingine. Kwa mtu ambaye hajala wiki tatu, sote tuliona ni jambo la huruma kumpa sukari. Nilitundika chupa ya kwanza mimi mwenyewe, na ya pili.

Ijumaa jioni alitaka kwenda msalani. Alitembea ametanua miguu, mkono ukipapasa ukuta, kama mtu anayetembea juu ya jahazi penye mawimbi. Nikamshika kwapa. Akaniambia, "Sista, mbona mko wawili?" Nilidhani ni kizunguzungu cha upungufu wa maji, nikaandika hivyo. Jumamosi alfajiri aliniuliza kama mwanawe amekwenda shule. Nikamjibu leo ni Jumamosi. Baada ya dakika tano akaniuliza tena, kwa sauti ileile, kana kwamba hajawahi kuniuliza.

Daktari bingwa wetu wa upasuaji alipita raundi saa 2 asubuhi. Alisoma faili akiwa amesimama, halafu akavuta kiti, akakaa. Kwa jambo hilo moja la kukaa namkumbuka mpaka leo. Ukimsimamia mgonjwa miguuni mwa kitanda, anajibu "sijambo, daktari" na raundi inasonga mbele. Ukikaa, anajua una nafasi.

"Mama," alimwambia, ingawa umri wao haukupishana sana, "unatapika mara ngapi kwa siku?"

Hakuweza kujibu. Alimtazama tu. Mdogo wake ndiye aliyeingiza mkono chini ya mto akatoa daftari la shule, lenye jalada la kijani, kurasa 48. "Aliniambia nisilisahau," akasema. "Sijui lina nini."

Lilikuwa na kila kitu. Kila ukurasa ni siku. Kushoto vijistari vya vikombe alivyokunywa, kulia vijistari vya kutapika. Wiki ya kwanza upande wa kulia kuna mstari mmoja mmoja. Wiki ya pili, alipotoka kwenye maji na mchuzi uliochujwa kuingia uji, mistari minne, mitano. Wiki ya tano: Jumatatu 9, Jumanne 11, Jumatano 11. Pembeni aliandika rangi, "povu jeupe", na muda, "dakika 3 baada ya kumeza". Hakuna hata siku moja aliyoandika njano au kijani. Daktari aliweka kidole juu ya maandishi yale madogo. Povu jeupe, dakika tatu, bila nyongo: maana yake kilichomezwa hakifiki kwenye utumbo, kinagonga mlango uliofungwa katikati ya mfuko na kurudi.

Kisha alishika kalamu mbele ya uso wake, akamwambia aifuate kwa macho bila kugeuza kichwa. Nilikuwa upande wa pili wa kitanda. Kalamu ilipokwenda kulia, macho yalianza kutetemeka, mitetemo midogo ya haraka kama mwali wa kibatari penye upepo, na jicho la kushoto halikufika mwisho. Daktari aliinuka, akafunga dripu kwa mkono wake mwenyewe.

Chuoni tulifundishwa beriberi kama ugonjwa wa zamani, wa mabaharia na wafungwa waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa. Tulisoma habari za Eijkman, daktari Mholanzi, na kuku wake kule Java. Hatukuambiwa kuwa utakuja kuvaa kanga na kulala kitanda namba 7. Kinachokosekana ni kilekile: vitamini B1, tiamini. Mwili wa mtu mzima unaweka akiba ya miligramu 30 hivi tu, ya wiki mbili tatu, kwa hiyo anayetapika kila kitu huimaliza kabla mfupa haujaonekana. Bado ana kilo 104, bado anaonekana mnene, na hakuna anayemdhania kuwa ana njaa. Ubongo unaishi kwa sukari, na sukari haitumiki vizuri bila tiamini. Ukimmiminia glukosi mtu aliyebakiwa na chembe za mwisho za tiamini, sukari ile inazitumia zote, na sehemu za ubongo zinazoongoza macho, mwendo na kumbukumbu zinaanza kuumia. Daktari Mjerumani, Carl Wernicke, aliieleza hali hii mwaka 1881. Vitabuni dalili ni tatu, macho, mwendo na kuchanganyikiwa, ila wagonjwa wengi hawaonyeshi zote tatu, na anayesubiri zitimie huwa amechelewa.

Daktari aliniona nimeduwaa, nimeshika ile chupa. "Ulifuata ulichoandikiwa," alisema. "Tutazungumza baadaye, sote. Sasa nahitaji tiamini ya sindano, ampuli 45."

Hesabu ni hii, na nimewapigia wauguzi wengi tangu siku ile. Dozi ni miligramu 500 kwenye mshipa, mara tatu kwa siku. Ampuli moja, kile kichupa cha dawa ya sindano, ina miligramu 100. Kwa hiyo ni tano kwa kila dozi, 15 kwa siku, 45 kwa siku tatu za mwanzo, kabla ya kupunguza hadi 250 mara moja kwa siku. Unazichanganya kwenye mililita 100 za maji ya chumvi, unapitisha kwa nusu saa, na adrenalini iwe karibu kwa sababu mara chache mtu hupata mzio. Vidonge havifai: anayetapika hatavihifadhi, na hata vikibaki tumboni havinyonyeki kiasi hicho.

Duka letu la dawa lilikuwa na ampuli 12. Shemeji yake alipanda bodaboda kwenda Kariakoo, akarudi na maboksi mawili ambayo ilibidi tuyakatae. Yalikuwa ya vitamini B mchanganyiko, ya kuchoma msulini, na B1 iliyomo ni ndogo mno. Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi: TIAMINI PEKEE, MILIGRAMU 100, na nikamwambia asome ubavuni mwa ampuli, asitazame boksi. Kufika saa 9 alasiri tulikuwa na 40. Dozi ya kwanza tulishaipitisha asubuhi kwa zile za kwetu.

Vipimo vya damu vilirudi na potasiamu 2.9, magnesiamu nayo iko chini. Magnesiamu ikiwa chini tiamini haifanyi kazi yake, kwa hiyo hurudishwa sambamba. Potasiamu iliwekwa milimoli 20 kwenye nusu lita ya maji ya chumvi, isizidi milimoli 10 kwa saa. Dawa hiyo haisukumwi kwa bomba la sindano hata siku moja, inasimamisha moyo.

Jumapili asubuhi jicho la kushoto lilifika mwisho. Macho ndiyo hupona kwanza, mara nyingine ndani ya saa chache. Mwendo hufuata taratibu, na kumbukumbu ndiyo ya mwisho, kama inarudi.

Alipoanza kuelewa anachoambiwa, daktari alirudi, akavuta kile kiti. Alimwomba ruhusa ya kuzungumza mdogo wake akiwapo, akaruhusu. Alichora mfuko wa chakula nyuma ya karatasi ya maabara, mfano wa ndizi iliyopinda. Palipopinda akaweka alama. Wakati wa upasuaji boji limo ndani na mfuko umenyooka, alieleza. Likitolewa, bomba linaweza kujikunja pale penye kona kama mpira wa kumwagilia maua, hasa pini zikipita karibu mno na kona au zikipinda njiani. Halafu akasema jambo ambalo sikuwahi kumsikia daktari akimwambia mgonjwa: "Ulipofika kwetu tulikupa sukari kabla ya vitamini. Hilo lilikuwa kosa letu, na huenda limekuongezea madhara. Nasikitika." Yule kijana wa mafunzo alikuwa amesimama nyuma yake. Daktari hakumgeukia, hakumtaja. Alisema "letu".

Mgonjwa akalia, halafu akamwonyesha simu. Alikuwa amemtumia daktari aliyempasua ujumbe mara kumi na moja. Majibu yalikuwa mafupi: kula polepole, tafuna vizuri. Alipotuma picha ya povu kwenye beseni, jibu lilikuwa kwamba ana wasiwasi tu. Jioni ile bingwa wetu alimpigia simu daktari yuleyule, na akasikilizwa mara moja. Akatumiwa taarifa nzima ya upasuaji, unene wa boji, idadi ya stepla, kwa heshima na haraka. Sisemi kwamba mkono wake ulikuwa mbaya, mkunjo unaweza kumpata daktari yeyote aliye makini. Linaloniuma ni kwamba maneno yaleyale yalitakiwa yatoke kinywani mwa daktari mwenzake ndipo yawe dalili.

Jumatano alipitishiwa kamera mdomoni. Yenye unene wa milimita 9 ilipita kwenye kona kwa kusukumwa na kuzungushwa. Wakaweka puto pale, wakalijaza mpaka milimita 30 huku wakitazama kwa eksirei, wakaliacha limevimba, wakalitoa. Ilirudiwa baada ya wiki mbili. Kwa wengine puto halitoshi na inabidi mfuko uunganishwe na utumbo upya. Yeye alifunguka.

Siku nne alizokaa nasi mwanzoni hazimo kichwani mwake. Alijitambulisha kwangu mara mbili, na mara ya pili nilimwacha amalize jina lake lote.

Alirudi kliniki mwezi wa Agosti, anatembea na fimbo, mdogo wake kamshika mkono. Kwenye pochi alikuwa na kadi aliyoandikiwa na daktari: nimepunguzwa mfuko wa chakula, nikitapika siku mbili nipewe tiamini kwanza ndipo glukosi. Aliomba anakiliwe nyingine, ya kumpa mumewe. Halafu akatoa daftari jipya, jalada la bluu, akalifungua ukurasa wa jana yake akaniwekea mbele.

"Jumatatu. Uji wa ulezi, nusu kikombe, dakika 40. Yai moja la kuvuruga. Maji vikombe vya dawa 46. Kutapika: hakuna."